Karti nne, marafiki wanane: wikiendi ya mbio za magurudumu wazi Lubumbashi

Mwongozo huu ni wa marafiki wanane, karti nne zinazofanana (vigari vidogo vya mbio, vya mtu mmoja) na ua mmoja wa lami wenye geti. Hesabu hiyo nimeichagua kwa makusudi. Vijana wengi wanaotaka kushindana huanzia upande mwingine: kila mmoja anajijengea gari lake kwa fedha zake, kwa siri, kisha siku yenyewe mwenye mfuko mnene anawaacha wote kwenye mzunguko wa pili na mchezo unakwisha kabla ya chakula cha mchana. Fedha ya kundi iende kwenye kufananisha magari. Karti zikiwa sawa, anayeshinda ameshinda kwa macho na mikono yake, na aliyeshindwa ana hamu ya kurudi.

Karti ni ndugu mdogo wa Formula 1. Yote ni magari ya magurudumu wazi, yaani magurudumu yamekaa nje ya bodi bila kufunikwa. Art Ingels aliunda karti ya kwanza huko California mwaka 1956 kwa motere ya mashine ya kukata majani, na tangu hapo karibu kila dereva mkubwa amepitia njia hiyo: Senna, Schumacher, Hamilton, Verstappen. Bara letu halijaona mbio za Formula 1 tangu zile za Kyalami, Afrika Kusini, mwaka 1993. Karti haihitaji Kyalami. Inahitaji motere ya aina ile inayosukuma pampu za maji na fundi hodari wa kuchomelea, na mafundi wa namna hiyo hawakosekani katika mji uliokua kwa migodi.

Tairi lisiguse tairi

Hili kila mtu alielewe kabla ya kuchanga hata franki moja. Gurudumu linapoviringika kwenda mbele, upande wake wa mbele unashuka na upande wake wa nyuma unapanda. Sasa chukua gari la nyuma lililosogea mno hadi tairi lake la mbele likagusa tairi la nyuma la mwenzake. Mpira unaopanda unaukamata ule unaoshuka, na gari la nyuma linakwea juu ya lile la mbele. Magari ya kawaida yakisuguana ubavuni yanaachiana mkwaruzo mlangoni. Kwenye magurudumu wazi, mguso uleule unaweza kumpindua dereva kichwa chini, na wala hauhitaji kasi kubwa.

Hapo ndipo sheria zote za wikiendi zinapotokea. Kwa upande wa chuma, kila karti iwe na mabomba ya pembeni yanayoziba nafasi kati ya tairi la mbele na la nyuma, ili gurudumu la mwenzako lisichomeke humo. Nyuma iwe na bampa pana inayofika angalau katikati ya upana wa kila tairi, yenye ncha zilizopindwa na kuzibwa. Kwa upande wa watu, anayepita ndiye mwenye jukumu. Huna haki ya kona mpaka magurudumu yako ya mbele yawe sambamba na bega la dereva unayempita, na yawe hapo kabla hajaanza kugeuza usukani. Kama bado uko nyuma ya bega lake, ngoja kona inayofuata. Mkigusana matairi, wa nyuma anatoka mbio hiyo bila mjadala, hata kama ni yeye aliyechangia motere.

Kupata ua na kuuchora

Barabara ya umma isitajwe kabisa, hata usiku, hata ile mpya isiyopitwa na magari. Tafuteni ua wa ghala au maegesho ya malori yanayolala Jumapili, upande wa viwanda wa Kampemba au kando ya njia za Likasi na Kasumbalesa. Eneo la mita 60 kwa 100 linatosha kuchora mzunguko wa mita 300 hivi, upana mita 6 au 7. Kwa mwendo wa wastani wa kilomita 30 kwa saa, mzunguko mmoja unachukua sekunde 36, na hiyo ni burudani ya kutosha.

Mwandikieni mwenye ua barua, hata akiwa mjomba wenu. Barua itaje tarehe, saa za kuanza na kumaliza, idadi ya watu, na nani atalipa ukuta ukibomoka. Nakala ziende kwa shefu wa kartie na ofisi ya komine, na kituo cha polisi cha karibu kijulishwe. Pelekeni wiki mbili kabla. Barua inayofika Ijumaa mchana inaonekana kama jaribio la kumvizia mkubwa, na hakuna mkubwa anayependa kuviziwa. Kuhusu saa: Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi, Jumapili baada ya ibada, tuseme saa saba mchana. Mkiwasha motere nne karibu na kanisa saa nne asubuhi ya Jumapili, ua huo hamtaupata tena.

Msimu mzuri ni kiangazi, Mei hadi Septemba. Juni na Julai asubuhi zina baridi, matairi hayashiki lami mpaka jua lipande, kwa hiyo msianze mapema kwa kiherehere. Masika yana ubaya wake: gurudumu lisilofunikwa linammwagia maji usoni anayefuata, na kwenye mvua ya Januari dereva wa nyuma haoni kitu.

Pitieni lami yote kwa miguu, mkiwa mmepanga mstari. Kokoto zifagiliwe. Mahali malori yaliposimama pana madoa ya mazuti. Mwageni vumbi la mbao au mchanga mkavu, fagieni, kisha sugueni kwa sabuni ya unga na maji. Doa moja kwenye kona linaharibu siku nzima.

Mstari ulionyooka usizidi mita 60. Karti ina breki nyuma tu, na ikiwa katika kilomita 45 kwa saa inahitaji karibu mita 20 kusimama kwenye lami safi. Kwa hiyo mwisho wa mstari huo acheni mita 25 tupu kabla ya ukuta, nguzo au lori lolote. Mkikosa mita hizo, fupisheni mstari. Nyuma ya nafasi hiyo pangeni matairi makuukuu ya malori. Mafundi kwado, wale wanaoziba matairi, wanayo mengi na wengi wanafurahi yakiondolewa. Yafungwe pamoja kwa boliti na nati, kwa sababu kamba hukatika. Mkibahatika kupata kipande cha mkanda wa mpira wa kusafirishia madini kwenye vyuma chakavu, kivisheni upande unaotazama njia. Matairi matupu humeza gurudumu la karti na kulisimamisha ghafla, lakini juu ya mkanda karti inateleza na kupoteza mwendo taratibu. Viwanja vikubwa duniani hufanya hivyohivyo.

Mipaka ya njia ichorwe kwa chokaa iliyochanganywa na maji. Ya unga mkavu itapeperuka hadi machoni. Kwenye kona wekeni bidoni tupu za plastiki. Jiwe au tofali lisikaribie njia.

Watazamaji wakae upande mmoja tu, kando ya mahali pa kuanzia, nyuma ya safu yao ya matairi. Upande wa nje wa kona asisimame mtu, hata mpiga picha. Na watoto watakuja. Sauti ya motere nne itawaita kutoka mtaa mzima, watapanda ukuta, watapita chini ya geti. Msipoteze nguvu kuwafukuza. Teueni mtu mzima mmoja anayeheshimika, mama au yaya (dada mkubwa) mmoja wa mtaani, kazi yake iwe ni hao tu, na awaketishe mahali salama penye kuona vizuri.

Motere: aina moja, na zisiguswe

Nunueni motere nne siku moja, duka moja, chapa moja. Inayofaa ni ya petroli, silinda moja, mipigo minne, sentimita za ujazo 196, nguvu farasi 6.5. Ni ile inayouzwa kwa ajili ya pampu, mashine za kusaga na za kuchanganya zege. Kabla ya kulipa tazameni shafti inayotoa nguvu. Motere za pampu mara nyingi zina shafti fupi yenye nyuzi za skrubu, na za jenereta zina shafti iliyochongoka. Zote mbili hazipokei klachi ya karti. Mnayoitaka ni shafti iliyonyooka, ya milimita 19 au 20, yenye mfereji wa klaveti, kile kipande cha chuma kinachofunga klachi na shafti zizunguke pamoja. Ipimeni kwa kifaa. Kwa macho 19 na 20 ni pacha, lakini klachi ya moja haikai vizuri kwenye nyingine.

Ndani yake kuna gavana inayozuia motere isipite mizunguko 3,600 hivi kwa dakika. Kila kundi lina kijana mmoja atakayesema itolewe. Jibu ni hapana. Flaiwili ya motere hizi, yaani gurudumu zito linalozunguka pamoja na shafti, ni ya chuma cha kumimina na fimbo ya pistoni ni ya alumini, na havikuundwa kwa mizunguko zaidi ya hapo. Flaiwili ikipasuka, vipande vinaruka, na dereva amekaa hatua moja tu mbele yake. Fungeni gavana zote kwa waya na tone la rangi. Rangi ikikutwa imekwaruzwa, karti hiyo haitoki.

Mji wetu uko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo motere inapoteza zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi ya nguvu yake, na petroli inakuwa nyingi mno kwa hewa hiyo. Fungua plagi baada ya mizunguko kumi: ikiwa nyeusi yenye masizi makavu, jeti ya kabureta, yaani kitundu kinachopitisha petroli, ni kubwa mno. Wekeni ndogo zaidi kwenye motere zote nne. Mkibadilisha moja tu mmeshavunja usawa.

Klachi iwe ile inayoshika yenyewe mizunguko inapokaribia 2,000. Mwendo wa juu mnauchagua kwa meno ya pinyoni, yale magurudumu ya meno yanayobeba mnyororo, na hesabu yake si ngumu. Pinyoni ya klachi ina meno 12, ya ekseli 60. Motere inazunguka mara 5 ili ekseli izunguke mara 1. Tairi la nyuma lenye kipenyo cha sentimita 28 linasogea sentimita 88 kila mzunguko. Basi 3,600 gawanya kwa 5 ni 720, zidisha kwa 0.88 upate mita 634 kwa dakika: kilomita 38 kwa saa. Pinyoni ya ekseli ikiwa na meno 48 mtafika 47 hivi. Anzeni na 60. Msiicheke hiyo 38. Ukiwa umekaa sentimita chache juu ya lami, upepo wenyewe utakufundisha adabu.

Mnyororo uwe na ulegevu wa sentimita moja hivi katikati, na pinyoni zote mbili ziwe kwenye mstari mmoja, zikaguliwe kwa rula ndefu. Mnyororo unaokatika kila saa si mbovu, ni pinyoni tu haziko kwenye mstari. Juu yake pawe na kifuniko cha bati nene kilichofungwa kwa boliti.

Fremu, breki na kitufe cha kuzima

Karti haina springi wala difrenshali, ile inayoruhusu gurudumu moja lizunguke haraka kuliko jingine. Magurudumu mawili ya nyuma yamefungwa kwenye ekseli moja na yanazunguka sawasawa, ilhali kwenye kona, gurudumu la nje lina safari ndefu kuliko la ndani. Karti inajinasua pale ambapo fremu inajipinda kidogo na kulinyanyua gurudumu la nyuma la ndani. Ndiyo maana mabomba yawe ya duara, milimita 30 kwa unene wa ukuta milimita 2. Bomba la mraba ni rahisi kukata, na mafundi wengi watalipendekeza, lakini fremu yake inakuwa ngumu mno na karti inang'ang'ania kwenda moja kwa moja. Mchoro uwe mmoja, na fremu zote nne zichomelewe juu ya meza ileile, na fundi yuleyule. Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma uwe sentimita 104 au karibu na hapo.

Ekseli ya milimita 30 inakaa vizuri kwenye beringi za UCP206, na fundi yeyote wa mashine za kusaga anazijua kwa jina hilo. Breki ni diski moja kwenye ekseli ya nyuma na kalipa ya pikipiki yenye mafuta ya DOT 4. Pedali ikizama, toeni hewa ndani ya mpira wake mpaka iwe ngumu. Kwenye kabureta wekeni springi mbili za kurudisha, si moja, ili moja ikikatika nyingine ifunge petroli. Kisha vuteni waya wa swichi ya motere hadi kwenye usukani na kuweka kitufe chekundu. Waya huo ukigusa fremu, cheche inakufa na motere inazima. Jaribuni kila kitufe kabla ya kila mbio.

Swali la mkanda wa kiti huja kila mara. Karti isiyo na fremu ya kulinda kichwa haifungwi mkanda, kwa sababu ikipinduka ni afadhali dereva atupwe mbali kuliko kufungwa chini yake. Mkijenga fremu ya juu, mkanda unakuwa wa lazima. Kimoja bila kingine ni hatari. Mimi nashauri msijenge.

Gharama? Karti zote ziwe mali ya kundi na ziandikwe kwenye daftari. Asiye na fedha alete kazi: kuchomelea, kusafirisha matairi, rangi. Mtu akihama mji halipwi motere, analipwa sehemu yake kadiri mtakavyokubaliana, na makubaliano hayo yaandikwe siku ya kwanza mkiwa bado mnapendana.

Mavazi

Kofia ngumu iwe ile inayofunika uso na kidevu, yenye alama ya E ndani ya duara nyuma au ndani yake. Kaski nusu za kwenye pikipiki za abiria hazifai. Mwili ufunikwe kwa ovaroli nzito ya pamba, na hapa mji wetu una bahati, maana kila familia ina ovaroli ya mgodi kabatini. Buti za mgodi ziacheni nyumbani: chuma cha mbele kinaua hisia ya pedali. Viatu vyepesi vilivyofungwa, kamba zikiwa zimechomekwa ndani. Glavu pia.

Skafu, kitambaa cha shingoni, mkufu, vyote vibaki nje ya njia. Mcheza ngoma maarufu Isadora Duncan alikufa mjini Nice mwaka 1927 skafu yake ilipojiviringisha kwenye gurudumu la gari alilopanda. Nywele ndefu za rasta au za kusuka zifungwe na kuingizwa ndani ya ovaroli, kwa wanawake na wanaume.

Pateni vizimamoto viwili vya unga, kimoja kwenye petroli na kingine kwenye kona ya mbali. Tafuteni mtu aliyesomea huduma ya kwanza, mmlipe posho, asiendeshe. Gari moja lisimame na funguo, dereva asiyekunywa, likitazama geti, na dereva huyo awe ameshaipita njia ya kwenda hospitali ya Sendwe siku ya kazi na siku ya mapumziko.

Jumamosi: ukaguzi na saa

Asubuhi karti zinakaguliwa na watu wawili ambao hawakuzijenga. Wanakaza kila nati ya usukani kwa mkono, wanatikisa magurudumu, wanabonyeza vitufe, wanapima upepo: bar 0.9 hadi 1.0 kwa matairi yote kabla hayajapata joto. Magurudumu ya mbele yapimwe kwa utepe, mbele na nyuma ya matairi. Tofauti isizidi milimita 2, na yakielekea nje kidogo karti inaingia kona kwa urahisi. Petroli itoke kituoni asubuhi hiyohiyo, si kwenye chupa za Kadhafi, wale wauza petroli wa kando ya barabara, ambazo hujui zimechanganywa na nini. Motere moja ikifanya kazi kwa nguvu haili zaidi ya lita 2 kwa saa, basi lita 20 zinawatosha siku nzima. Kujaza ni motere ikiwa imezimwa na dereva ameshashuka.

Halafu wapimeni madereva. Mizani ya magunia ya unga inafaa kabisa. Kwa farasi 6.5, kilo 20 za tofauti zinaonekana waziwazi mnapotoka konani. Mzito zaidi ndiye kipimo. Wengine wanaongezewa vipande vya chuma vilivyofungwa kwenye kiti kwa boliti mbili kila kimoja, kamwe si mapajani wala chini ya miguu. Watu wembamba watalalamika. Waacheni walalamike.

Sasa endesheni, mmoja mmoja. Mguu wa kushoto ni wa breki, wa kulia ni wa petroli, na viwili hivyo visikanyagwe pamoja: klachi itawaka, mtanusa kabla ya kuona moshi. Funga breki ukiwa umenyooka, iachie, ndipo ugeuze. Kwa kuwa breki iko nyuma tu, ukiibonyeza katikati ya kona mkia utakupita. Ingia kona ukiwa upande wa nje, chelewa kidogo kugusa ndani, kisha iache karti ijifungue yenyewe kwenda nje huku ukiwa umekanyaga petroli yote. Macho yatazame mahali unapotaka kufika. Motere ndogo haisamehi mbwembwe: kuteleza kwa mkia kunapendeza kwa watazamaji, lakini mwendo uliopotea pale utaurudisha baada ya mita hamsini. Mwenye saa nzuri mara nyingi ndiye anayeonekana hafanyi chochote.

Kila mmoja apewe mizunguko kumi, mizunguko mitatu ya mwisho ipimwe kwa simu na kuandikwa. Mchana mrudie kwa karti nyingine. Mkiona karti moja ina sekunde nzima zaidi ya nyingine mikononi mwa madereva wote, jioni hiyo ndiyo ya kutafuta sababu: mnyororo unaokaza, breki inayoburuta, plagi chafu. Kabla ya kulala osheni sifongo za vichujio vya hewa kwa sabuni, zikauke, zipate oili kidogo. Vumbi jekundu la kiangazi likiingia ndani ya silinda linakula motere haraka kuliko mwendo wowote.

Jumapili: kura, bendera, mbio

Gaweni wanane makundi mawili ya wanne kwa kura. Kila kundi linakimbia mara nne, mizunguko kumi kila mara, na kila dereva anaendesha kila karti mara moja. Andikeni majina manne kwenye karatasi. Kila mbio inapokwisha, karti zinasogea jina moja kwenda chini na nafasi za kuanzia zinasogea jina moja kwenda juu. Mwishoni kila mtu amepanda karti zote nne, ameanza wa kwanza mara moja na wa mwisho mara moja. Hakuna atakayesema alipewa gari bovu. Alama ni 4, 3, 2, 1. Mbio nane za dakika saba, na dakika kumi za kubadilishana kati yake, zinachukua zaidi kidogo ya saa mbili. Wanne wenye alama nyingi wanaingia fainali ya mizunguko ishirini, karti zikichaguliwa kwa kura. Malizeni kabla ya saa kumi na moja na nusu. Karibu saa kumi na mbili jua linazama, na mbio za gizani hazimo katika mwongozo huu.

Mwanzo uwe wa mstari mmoja, mita tano kati ya karti na karti, na hakuna kupita mpaka kona ya kwanza imeisha. Kona hiyo ndiyo inayovunja mifupa, maana wote wanaifikia wakiwa wamebanana na damu imechemka.

Bendera ni vipande vya kitambaa kwenye fimbo. Njano: kuna hatari mbele, punguza, usipite mtu. Nyekundu: wote simameni polepole pale mlipo. Nyeusi ikielekezwa kwako: toka. Buluu: anayekuzidi mzunguko mzima yuko nyuma yako, mwachie njia. Ya miraba myeusi na myeupe mnaijua. Wekeni mtu wa bendera kwenye kila kona ambayo haionekani kutoka mstari wa kuanzia, na mwenye bendera nyekundu awe mtu asiye na rafiki wala adui mbioni. Neno lake halijadiliwi siku hiyo. Mjadala ni Jumatatu.

Ukizunguka na kusimama katikati ya njia, inua mkono mmoja juu na ukae ndani. Usishuke mpaka nyekundu itoke na motere za wengine zinyamaze. Wanaoshuka kusukuma karti huku wengine wanakuja ndio wanaogongwa.

Chakula kiagizwe mapema: bukari, sombe, michopo, maji mengi. Bia zikae kwenye gari la mtu mwenye msimamo, limefungwa, mpaka motere zimepoa na petroli imefungiwa. Dereva aliyekunywa, hata moja, siku hiyo ni mtazamaji.

Jioni

Mwageni petroli iliyobaki kwenye tangi irudi bidoni, na mwache motere ziungurume hadi kabureta ikauke. Petroli ikilala humo mwezi mzima inaacha utandu unaoziba jeti. Baada ya wikiendi ya kwanza badilisheni oili, lita 0.6 ya 10W-30 kwa kila motere. Andikeni daftarini kila kilicholegea au kuvunjika, na namba ya karti. Kitu kilichovunjika kwenye karti namba 2 huenda kinakaribia kuvunjika kwenye nyingine tatu, kwa hiyo kikaguliwe kote.

Matairi ya ulinzi yarudishwe pembeni, chokaa ioshwe. Kisha piteni na mafagio lami nzima, mstari mmoja kama asubuhi ya Jumamosi, maana kipande cha waya au boliti mtakayoisahau itaingia kwenye tairi la lori la kwanza Jumatatu alfajiri, na mwenye ua atawaletea bili ya kwado.